Pumu Mbili za Nyumba Moja: Unene, Uvimbe na Mzio

Katika familia yetu tuko wawili wenye pumu, na kwa miaka mingi tulidhani tunaumwa ugonjwa mmoja. Pumu yangu ilianza utotoni, Tanga, katika nyumba yenye magodoro ya sufi na paka wasio na idadi, nayo ilikuja sambamba na mafua ya alfajiri na macho ya kuwasha. Ya dada yangu mkubwa ilikuja alipokwisha kuvuka miaka arobaini, baada ya uzazi wa mwisho, wakati mwili wake ulikuwa umeongezeka hadi watu wa mtaani wanampongeza kwa kunawiri. Paka hawamfanyi lolote, vumbi halimpigishi chafya, na macho yake hayajawahi kuwasha. Kisha mimi nami, baada ya kuolewa na kuhamia Dar es Salaam, nikanenepa, na kifua changu ambacho kilikuwa kimetulia tangu nikiwa sekondari kikaanza tena kupiga filimbi usiku.

Kliniki tulikokwenda, kila mmoja kwa siku yake, tulipewa pampu ileile ya bluu na kauli ileile: “Mama, punguza mwili kwanza.” Kauli hiyo ina ukweli, na hapa sikusudii kuipinga. Ninachokataa ni kwamba ilitolewa kwa namna moja kwa watu wawili ambao vifua vyao vinabana kwa sababu tofauti, kana kwamba unene ni mzigo tu ambao mtu akiutua basi kila kitu kinarudi mahali pake. Mimi ni mwalimu wa baiolojia, si daktari, lakini kazi yangu imenizoesha kuuliza jambo linatendekaje kabla ya kuuliza lifanyiweje, na nilipolifuatilia hili nimekuta kwamba uhusiano wa unene na pumu ya mzio ni wa mzunguko zaidi kuliko tulivyoambiwa.

Nianze na mzio. Mwaka 1906 daktari wa watoto wa Vienna, Clemens von Pirquet, alibuni jina la hali ambayo mwili uliokwisha kukutana na kitu fulani hukipokea kwa namna iliyobadilika kinaporudi. Ilipita miaka sitini hivi kabla ya kujulikana ni kitu gani hasa katika damu kinachobeba kumbukumbu hiyo: kati ya 1966 na 1967 Kimishige na Teruko Ishizaka huko Denver, Marekani, na S. G. O. Johansson na Hans Bennich huko Uppsala, Sweden, kila kundi kwa njia yake, walifikia aina ya kingamwili ambayo baadaye iliitwa IgE. Katika muongo huohuo, mjini Leiden, Uholanzi, Reindert Voorhorst na Frits Spieksma walionyesha kwamba kinachowasumbua watu wengi katika vumbi la nyumbani ni utitiri mdogo usioonekana kwa macho, unaoishi katika magodoro na mito na kujilisha magamba ya ngozi yetu. Utitiri huo hustawi penye unyevu hewani, na mtu aliyekulia Tanga, Mombasa au Unguja hana haja ya kuelezwa unyevu ni nini.

Mtu mwenye mwelekeo wa mzio anapovuta chembe za kinyesi cha utitiri, za mende, au za ngozi ya paka, kinga ya mwili wake hutengeneza IgE dhidi ya protini zilizomo, na IgE hizo hunasa juu ya seli za masti zilizo katika ukuta wa njia za hewa. Chembe zinaporudi, seli hizo humwaga histamini na kemikali nyingine. Misuli inayozizunguka njia za hewa hukaza, ute huongezeka, na saa chache baadaye hufika seli nyeupe ziitwazo eosinofili, zikiwa zimeitwa na protini za mawasiliano kama interlukini-4, interlukini-5 na interlukini-13. Hali hiyo ikidumu, ukuta wa njia ya hewa hukaa umevimba hata siku ambazo mgonjwa anajiona mzima. Ninaposema uvimbe katika makala haya simaanishi nundu inayoshikika kwa vidole; namaanisha ile hali ya kinga kuamka, mishipa midogo ya damu kutanuka, majimaji kuvuja na seli nyeupe kukusanyika. Uvimbe wa namna hii ya mzio, wenye eosinofili nyingi, ndio unaotulizwa vizuri na steroidi za kuvuta, dawa zilizoingia katika matibabu ya pumu mwanzoni mwa miaka ya 1970.

Sasa mafuta ya mwili. Katika vitabu nilivyosomea, na kusema kweli katika baadhi ya vitabu ninavyofundishia hadi leo, tishu ya mafuta ni akiba ya nishati na kinga dhidi ya baridi, basi. Picha hiyo ilianza kuvunjika mwaka 1993, pale Gökhan Hotamisligil, Bruce Spiegelman na mwenzao walipochapisha, kutoka Boston, ushahidi kwamba tishu ya mafuta ya panya wanene hutoa TNF-alfa, protini ambayo mwili huitumia kuchochea uvimbe unapovamiwa na vimelea. Mwaka uliofuata Jeffrey Friedman na wenzake katika Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, walitangaza ugunduzi wa leptini, homoni ambayo seli za mafuta huitengeneza ili kuupasha ubongo habari za akiba iliyopo. Mwaka 2003 makundi mawili ya watafiti nchini Marekani yakaonyesha kwamba kadiri mwili unavyozidi kunenepa ndivyo makrofaji, seli nyeupe ambazo kazi yake ni kumeza vimelea na mabaki, zinavyojazana ndani ya tishu ya mafuta yenyewe.

Seli ya mafuta inayojazwa kupita kiasi hupungukiwa na oksijeni, nyingine hufa, na makrofaji huja kuzizunguka zilizokufa na kuanza kutoa interlukini-6, TNF-alfa na nyinginezo kwenye damu. Leptini hupanda, nayo, mbali na habari zake kwa ubongo, husukuma seli za kinga upande wa mashambulizi. Adiponektini, homoni nyingine ya mafuta ambayo hutuliza uvimbe, hushuka badala ya kupanda. Matokeo yake ni uvimbe wa chini kwa chini wa mwili mzima, usio na homa wala maumivu, ambao mgonjwa hawezi kuuhisi na ambao daktari hauoni ila kwa kipimo cha damu. Madaktari wa kisukari wameufahamu kwa muda mrefu, kwa kuwa ndio unaozuia insulini isifanye kazi yake sawasawa. Waliochelewa kuufikiria ni madaktari wa kifua, ingawa damu yote inayotoka upande wa kulia wa moyo hupita kwanza katika mapafu, pamoja na kila kilichotolewa na mafuta ya tumboni.

Swali la kwanza la mtu makini lingekuwa kama uhusiano huu upo kweli kwa watu, au ni kwamba mwenye pumu haendi mbio, hachezi mpira, anakaa sana, na hivyo ananenepa baadaye. Njia ya kulijibu ni kuwafuata watu ambao bado hawajapata pumu na kuona ni nani wataipata. Mwaka 2007 David Beuther na Rand Sutherland wa Denver waliunganisha tafiti saba za aina hiyo, zenye jumla ya watu wazima 333,102, wakakuta kwamba waliokuwa na uzito uliozidi au unene uliokithiri walikuwa na uwezekano wa kupata pumu mpya uliozidi wa wengine kwa takriban nusu, na kwamba uwezekano huo ulipanda kufuatana na uzito: waliokuwa na unene uliokithiri walikaribia maradufu. Kwa hiyo unene hutangulia. Hilo halikanushi kwamba pumu nayo huongeza unene. Yote mawili yanaweza kutokea kwa mtu yuleyule, na kwangu nadhani yalitokea.

Lakini hapa ndipo neno mzio linapohitaji uangalifu. Tafiti zilizotafuta kama wanene wana IgE nyingi zaidi, au kama ngozi zao huitikia zaidi zinapochomwa kwa chembe za utitiri na mende, zimetoa majibu yasiyopatana: nyingine ndiyo, nyingine hapana, nyingine kwa wanawake tu. Uhusiano wa unene na pumu isiyo ya mzio, hasa ile inayoanza ukubwani kwa wanawake, umekuwa thabiti zaidi. Madaktari wanaoshughulika na pumu ya wanene wamekuja kuwagawa wagonjwa wao katika makundi mawili makubwa, mgawanyo ambao Fernando Holguin na wenzake waliueleza kwa takwimu mwaka 2011. Kuna walioanza pumu utotoni, wenye mzio, ambao unene umewakuta njiani na kuuzidisha ugonjwa waliokuwa nao. Na kuna walioanza ukubwani, wengi wao wanawake, wasio na dalili za mzio, ambao kwao unene unaonekana kuwa sehemu ya chanzo chenyewe. Niliposoma maelezo hayo nilimpigia simu dada yangu nikamwambia kwamba tumepatikana, mimi kundi la kwanza na yeye la pili. Akaniuliza kama kundi lake lina dawa.

Swali lake ni zuri kuliko alivyokusudia. Katika pumu ya mzio ya kawaida, uvimbe unafuata njia ya interlukini-4 na 5 na 13, na steroidi za kuvuta hulenga hapo. Uvimbe unaotokana na mafuta hufuata zaidi njia nyingine, yenye interlukini-6 na interlukini-17 na seli nyeupe za aina ya nyutrofili, ambazo steroidi hazizitulizi sana. Mwaka 2008 Sutherland na wenzake walichukua seli za damu na za mapafu za wagonjwa wa pumu, wakaziweka pamoja na deksamethasoni, steroidi yenye nguvu, wakaona kwamba seli za wagonjwa wenye uzito uliozidi na unene ziliitikia kwa kiwango kidogo kuliko za wembamba. Mwaka 2014 kundi la Dale Umetsu huko Boston lilionyesha kwamba panya walionenepeshwa kwa chakula cha mafuta hupata njia za hewa zenye ukali, yaani zinazobana kwa kichokoo kidogo, hata bila kupewa kitu chochote cha kuwaletea mzio, na kwamba interlukini-17 ilikuwa kiungo cha lazima katika jambo hilo. Kwa maneno mengine, kifua kinaweza kujifunza kubana bila utitiri wala paka.

Utafiti ulionishughulisha zaidi ulichapishwa mwaka 2022, kutoka California, na haukuhusu kifua. Ulihusu ule ugonjwa wa mzio ambao huku kwetu huitwa pumu ya ngozi. Sagar Bapat na wenzake waliwapa panya wembamba na panya wanene ugonjwa huo kwa njia ileile. Wembamba walipata uvimbe wa mzio unaotarajiwa. Wanene walipata ugonjwa mkali zaidi, na uvimbe wao ulikuwa umehama kuelekea njia ya interlukini-17. Walipopewa dawa inayozuia interlukini-4 na 13, wembamba walipata nafuu na wanene wakazidiwa. Kisha watafiti wakawapa panya wanene rosiglitazoni, dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya kisukari, ambayo huamsha protini moja inayodhibiti mafuta na kinga kwa pamoja. Uvimbe ukarudi katika njia ya kawaida ya mzio, na dawa ya kwanza ikaanza kufanya kazi. Panya si mtu, na rosiglitazoni ina historia yake ya mashaka kuhusu moyo, hivyo hakuna anayepaswa kuikimbilia duka la dawa. Ila wazo lenyewe ni zito: unene unaweza kuubadili mzio ule ule ukawa ugonjwa wa namna nyingine, wenye kichocheo kilekile na dalili zilezile kwa nje, huku ndani njia yake imehama.

Hata kuupima kunakuwa kugumu. Njia mojawapo ya kujua kama pumu ni ya mzio ni kuhesabu eosinofili katika makohozi. Mwaka 2013 Dhananjay Desai na wenzake wa Leicester, Uingereza, waliwachunguza wagonjwa wanene wenye pumu kali, wakakuta makohozi yao hayana eosinofili nyingi kuliko za wengine, lakini walipochukua vipande vidogo vya ukuta wa njia za hewa wakazikuta zimejaa humo. Mgonjwa wa namna hiyo anaweza kuambiwa hana uvimbe wa mzio kumbe anao, umejificha tabaka moja ndani zaidi.

Nisiuache upande wa uzito wenyewe, kwa sababu nao upo. Mafuta ya tumbo na kifua huusukuma juu msuli wa kiwambo na kuzizuia mbavu zisitanuke, na mtu mnene hupumua akiwa na hewa kidogo ndani ya mapafu kila anapomaliza kutoa pumzi. Njia ndogo za hewa hazina gegedu la kuzishikilia. Hushikiliwa wazi na tishu ya mapafu inayozivuta kutoka pande zote, mfano wa turubai la msibani linaloshikiliwa na kamba. Mapafu yasipojaa, kamba zinalegea, na njia za hewa zinakuwa nyembamba hata kama hazijavimba. Mwaka 2019 John Elliot na wenzake wa Perth, Australia, waliongeza jambo ambalo hakuna aliyelitarajia: walichunguza mapafu ya marehemu 52, baadhi wakiwa na pumu na baadhi bila, wakakuta seli za mafuta ndani ya ukuta wa njia za hewa zenyewe, na kadiri marehemu alivyokuwa mnene ndivyo mafuta hayo yalivyokuwa mengi. Ongeza hapo asidi ya tumbo inayopanda kooni usiku na kukosa hewa usingizini, vyote vikiwa vya kawaida zaidi kwa wanene na vyote vikiweza kukichokoza kifua, na utaona kwa nini mtu mmoja anaweza kubanwa kwa sababu nne kwa wakati mmoja.

Utaona pia kwa nini mtu mnene anayehema kwenye ngazi anaweza kupewa jina la pumu asiyokuwa nayo. Shawn Aaron na wenzake nchini Kanada waliwapima upya watu ambao madaktari walikuwa wamekwisha kuwaambia wana pumu, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha kwamba kwa wanene asilimia 31.8 hawakuwa na pumu walipopimwa kwa vipimo sahihi, na kwa wasio wanene asilimia 28.7. Tofauti kati ya makundi hayo ni ndogo, na hilo ndilo linalonivutia: tatizo halikuwa unene wa mgonjwa kumdanganya daktari, lilikuwa kutopima. Kipimo chenyewe si cha ajabu. Mgonjwa hupuliza kwa nguvu ndani ya spiromita, chombo cha kupima pumzi, akavuta salbutamoli, dawa ya ile pampu ya bluu, akapuliza tena, na ikionekana hewa imetoka kwa wepesi zaidi mara ya pili, ushahidi wa pumu umepatikana. Katika zahanati zetu nyingi chombo hicho hakipo, na hata hospitalini kilipo mara nyingi kimewekwa kwa ajili ya wagonjwa wa bingwa. Dada yangu alikaa na jina la pumu kwa muda mrefu bila kupuliza popote.

Mambo haya hayako mbali nasi kama majina ya Denver na Perth yanavyoweza kumfanya mtu afikiri. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa Tanzania wa mwaka 2010 ulikuta asilimia 22 ya wanawake wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi au unene uliokithiri. Ule wa 2015-16 ulikuta asilimia 28. Kenya, mwaka 2014, ilikuwa asilimia 33. Na pumu nayo inafuata miji. Mwaka 1998 Lucy Ng'ang'a na wenzake walichapisha matokeo ya kuwakimbiza watoto wa shule wa Nairobi na wa Murang'a na kuwapima pumzi baada ya mbio: njia za hewa zilibana kwa asilimia 22.9 ya watoto wa mjini na asilimia 13.2 ya wa kijijini. Sisemi kwamba tofauti hiyo inatokana na unene, maana watoto wa Nairobi wa wakati ule hawakuwa wanene kiasi hicho, na mji una moshi wa magari, nyumba zilizofungwa na mende wake. Nasema kwamba vitu viwili vinavyokutana kifuani mwa mtu mzima wa leo, mwelekeo wa mzio na uzito, kwetu vinakua katika mitaa ileile.

Chakula chenyewe, hata kabla hakijageuka kuwa unene, kina la kusema. Lisa Wood na wenzake wa Newcastle, Australia, mwaka 2011, waliwalisha wagonjwa wa pumu mlo mmoja wenye mafuta mengi na baada ya saa nne wakapima makohozi yao: nyutrofili zilikuwa zimeongezeka katika njia za hewa, na salbutamoli ilifungua kifua kidogo kuliko kwa waliokula mlo mwepesi. Mlo mmoja tu. Nimewasimulia wanafunzi wangu habari hiyo wakati wa mapumziko, wakiwa na chipsi mayai mikononi, na wakanitazama kama mtu mwenye wivu.

Je, kupunguza mwili kunasaidia? Kunasaidia, na ushahidi ni wa muda mrefu. Nchini Finland, utafiti wa Brita Stenius-Aarniala na wenzake uliochapishwa mwaka 2000 uliwagawa kwa kura wagonjwa 38 wanene wenye pumu. Waliowekwa kwenye mpango wa chakula walipungua kwa wastani wa asilimia 14.5 ya uzito wao, na pumzi zao, dalili zao na matumizi yao ya dawa yakawa afadhali kuliko ya wenzao, hata baada ya mwaka. Utafiti ulionipa mimi jibu kamili zaidi, hata hivyo, ni wa Anne Dixon na wenzake wa Vermont, Marekani, wa mwaka 2011. Waliwafuata wagonjwa 23 wa pumu waliofanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito. Baada ya mwaka, pumu ya wagonjwa kwa jumla ilikuwa imedhibitika vizuri zaidi na maisha yao yamekuwa mepesi. Lakini ule ukali wa njia za hewa, tabia ya kubana kwa kichokoo kidogo, ulipungua kwa wale ambao IgE yao ilikuwa ya kawaida. Waliokuwa na IgE ya juu waliendelea kuwa nao.

Hapo ndipo ninapoiona tofauti ya dada yangu na mimi ikiwa imeandikwa kwa tarakimu. Yeye akipungua, anaweza kuwa anapunguza sehemu ya ugonjwa wenyewe. Mimi nikipungua, naondoa kile kilichoongezwa juu ya mzio wangu, jambo ambalo si dogo hata kidogo kwa mtu anayeamka saa tisa usiku kutafuta pampu. Mzio wenyewe utabaki, na godoro langu bado linahitaji kufunikwa na kuanikwa. Kumwambia mmoja wetu kwamba pumu yake itakwisha akikonda ni kumpa ahadi ambayo mwili wake hauwezi kuitimiza, na akija kukonda bila kupona atahesabiwa kuwa mkaidi.

Kuna udhalimu mwingine katika kauli ile ya kliniki, nao ni dawa. Pampu ya bluu, salbutamoli, hufungua misuli kwa saa chache na haigusi uvimbe. Tangu mwaka 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu, GINA, umeacha kupendekeza kwamba mtu mzima atumie hiyo peke yake. Anachohitaji ni steroidi ya kuvuta kila siku, au pampu yenye steroidi pamoja na kifungua kifua. Kwetu pampu hizo ni ghali na mara nyingi hazipo dirishani, kwa hiyo kinachofuata kila kifua kinapozidi ni vidonge vya predinisoloni, mara hii, na tena, na tena. Predinisoloni ya kumeza huokoa maisha wakati wa shambulio kali na sitaki mtu yeyote aiogope siku hiyo. Ikitumika mara kwa mara, huleta njaa, huongeza mafuta ya tumboni na usoni na hupandisha sukari. Yaani mgonjwa anaambiwa apungue, huku anapewa dawa inayomnenepesha, kwa sababu alinyimwa ile isiyomnenepesha.

Mwenye pampu ya steroidi naye aivute ifike inakotakiwa. Ukiipuliza mdomoni moja kwa moja, dawa nyingi huishia kooni. Heather Zar na wenzake wa Cape Town walionyesha mwaka 1999, kwa watoto, kwamba chupa ya plastiki ya nusu lita iliyotobolewa kitako na kuzibwa vizuri kuizunguka pampu hufanya kazi sawa na kile kifaa cha dukani cha kuvutia dawa. Nimemtengenezea dada yangu yake kwa chupa ya maji. Baada ya kuvuta, anasukutua.

Kuhusu kiasi cha kupungua, takwimu ninayompa kila mtu anayeniuliza inatoka Newcastle tena, mwaka 2013: Hayley Scott, Lisa Wood na wenzao walikuta kwamba kupungua kwa asilimia 5 hadi 10 ya uzito kulitosha kuleta nafuu ya maana katika udhibiti wa pumu kwa asilimia 58 ya washiriki, na katika ubora wa maisha kwa asilimia 83. Kwa mwanamke wa kilo 90 hiyo ni kati ya kilo nne na nusu na tisa. Bado ataitwa mnene, bado vipimo vya kliniki vitamweka katika safu hiyohiyo, na shangazi zetu hawataona chochote. Nimemwandikia dada yangu kilo hizo kwenye karatasi, pamoja na mambo matatu ya kuomba atakaporudi kwa daktari: apulize spiromita kabla na baada ya salbutamoli, IgE na eosinofili za damu zipimwe, kwa kuwa kipimo cha picha kamili ya damu, kinachohesabu eosinofili, kinapatikana hata kwetu, na aandikiwe pampu ya kila siku wakati huohuo anapopungua, asingoje hadi akonde.